Nyumba Uliyoniachia, Kaka Masanja

Kaka yangu Masanja,

Mayu, mama yetu, hajambo. Macho yake sasa hayaoni hata mwanga wa mlangoni, lakini sauti yako, anasema, bado anaisikia.

Nakumbuka ulivyoijenga nyumba hii ya Bariadi. Kila msimu wa pamba ulirudi kutoka kiwandani na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na kabla hujaoga ulishaanza kuniuliza bei ya tofali. Msimu mmoja tulipandisha kuta, mwingine tukaezeka. Siku tuliyomleta mayu kutoka Shishiyu, ulimshika mkono ukampitisha chumba kwa chumba. Akauliza, "Na mbuzi watalala wapi?" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Hukuacha mke wala mtoto. Baada ya kukuzika, ukoo uliketi Shishiyu. Niliogopa baba mkubwa angetaka nyumba iende kwa wanaume, lakini alisema, "Anayemtunza mama yao ndiye asimamie mirathi." Nikapiga magoti kumshukuru. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Cheti cha kifo, ada ya mahakama, nauli na chakula cha mashahidi kila shauri lilipoahirishwa. Niliuza cherehani yangu, ile iliyokuwa inatulisha. Mahakama iliponikubali, nikaenda ofisi ya ardhi nikamuuliza dada wa dirishani kama kurithi kuna kodi.

"Urithi wenyewe hautozwi," alisema kwa upole. "Ila kiwanja kina malimbikizo ya pango la ardhi, pamoja na adhabu ya kuchelewa. Hayo yalipwe kwanza, halafu na ada ya kuhamisha, ndipo tuandike jina lako."

"Lakini hilo ni deni la marehemu."

"Ni deni la kiwanja, mama."

Kaka, hukuwahi kulipa pango hata mara moja. Sikukasirika. Najua hela ilikokwenda: kwenye bati, kwenye saruji, kwenye dawa za mayu. Lakini nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi ile, nikalia watu wakinipita.

Nikakopa kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tulikubaliana nikishindwa kumlipa baada ya mavuno, nitamuuzia nyumba. Nililima pamba Dutwa kwenye shamba la kukodi. Mvua ikakatika mapema, pamba ikakauka kabla ya kufunga vitumba. Hati ilitoka na jina langu, nami nikaitumia kumuuzia mwenye duka nyumba. Alikata deni lake. Kilichobaki hakikutosha kununua kiwanja hata nje ya mji.

"Msihame," aliniambia. "Kaeni, mtanilipa kodi kama wapangaji wengine." Si mtu mbaya, kaka. Ningepata wa kumlaumu, labda ningepumua.

Mayu sijamwambia. Jana nilikuwa natoka ndani kwenda kumpelekea mwenye nyumba kodi ya mwezi, nikamkuta mayu barazani anawasikiliza majirani wakihamisha vyombo vyao. Wameshindwa kulipa kodi ya chumba.

"Masikini," akasema. "Sisi Masanja alitusitiri."

Nikaibana ile hela ndani ya khanga.

"Ndiyo, mayu," nikamjibu, nikaenda kulipa.

Pumzika, kaka. Huku nitabaki naye mimi,

Mdogo wako wa tumbo moja.