Askari Wenye Bega Langu

Dada yangu Mwanaidi, shikamoo.

Natumaini goti lako limeacha kukusumbua, na kwamba Zuhura mke wangu na wanangu wawili bado hawajakumalizia unga. Mimi ni mzima, nimenenepa hata. Kule Kajaga suruali iliyokaa sawa mwilini ujue imepita kwenye cherehani yangu. Juzi mzee mmoja alisema mbele za watu kwamba mji wote wa Bujumbura, ukiwatoa mafundi wawili waliokwisha kufa, haujapata fundi kama mimi. Sikumbishia, ni mtu mzima. Wapwa zangu waambie mkono unaowaandikia ni uleule uliomkaba mamba wa Kibirizi.

Najua mnavyosoma. Wewe uko kwenye mkeka, Zuhura anachambua dagaa, na nikipamba neno unasema, "Rajabu ameanza." Leo nisome mpaka mwisho, dada. Habari ya boti ya Ijumaa imo humu ndani.

Barua iliyopita niliwaambia rudini. Nilisema kati yetu na waasi walioko kwenye matete ya mto Rusizi kuna ukuta wa askari wa kigeni, na kwamba kapteni wao hatoi amri kabla hajaniuliza mimi. Hilo la kapteni nilitia chumvi. Ukuta ulikuwepo. Nchi kadhaa zimeleta majeshi hapa kulinda amani, moja kubwa ndiyo inayoongoza, na hawa wetu wametoka nchi ndogo, wanaifuata. Sisi tunawaita Wadogo, na wale wanaoongoza Wakubwa. Magari, viatu, hata masufuria yao wamepewa na Wakubwa. Kambi yao iko juu ya tuta kando ya barabara ya Gatumba, na vifungo vyao vyote nilivikaza mimi.

Kapteni alikuwa kijana mrefu, Kiswahili chake cha pwani ya kwao, cha kuimba. Alasiri alikuja kibandani na redio ndogo, anaiweka sikioni, uso unakunjamana. Siku moja nikamuuliza kuna nini.

"Mama zetu, fundi," akasema. "Wamekaa mbele ya bunge, wamefudikiza masufuria matupu. Wanauliza watoto wao wanafia nini kwa watu. Na uchaguzi umekaribia."

"Si mrudi basi."

"Tukirudi, Wakubwa watasema tumewavunjia umoja. Viatu hivi ni vyao." Akatazama miguu yake. "Rais wetu hawezi kumkatalia mama, hawezi kumkatalia Mkubwa. Kwa hiyo watu watarudi, bendera itabaki."

Sikumwelewa mpaka aliponiletea magwanda makuukuu, magunia na sufi ya magodoro, akataka nimshonee watu. Watu arobaini, dada, wa kusimama nyuma ya mifuko ya mchanga badala ya wale watakaopanda ndege. Nikamwambia kazi hiyo duniani inawezwa na mtu mmoja, na bahati yake yuko mbele yake.

Nilishona siku kumi na mbili, na nikakosea. Ukimshonea mtu asiyekuwepo utampima nani? Nikajipima mwenyewe, nikakata kigezo kimoja kwa karatasi ya mfuko wa saruji, nikakatia wote. Unajua bega langu la kushoto limeshuka, ni miaka thelathini ya kuinamia cherehani. Sikulifikiria hata kidogo.

Walipokwisha kusimamishwa nilikwenda barabarani kuwatazama. Saa tatu asubuhi, jua liko wazi. Dada, nilijiona. Nimesimama mara arobaini juu ya tuta, bega la kushoto chini, nimeyakazia macho matete. Upepo wa ziwa ulipopita tukainama kidogo, sote, kama tunatunga uzi kwenye sindano.

Kapteni naye alipanda ndege, askari wa kweli walibaki sita. Kazi yao kuwasha moto saba, kama kambi nzima inapika, kubadilisha kofia, na kuwahamisha wale wa sufi asubuhi na jioni. Siku ya ukaguzi ofisa wa Wakubwa alikuja na gari, hakushuka. Akahesabu kwa kidole kupitia kioo, akaandika. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Akanitazama bega, akatazama tuta, akanitazama tena. Halafu akapandisha kioo, akaondoka.

Kisha akaja jirani yangu Mama Feza, yule Mkongomani anayevusha mawese kutoka Uvira. Amenuna.

"Fundi, mi nakusalimia kule juu mara tatu, we unaninyamazia kama mutu mukubwa."

"Hakuwa mimi."

"Apana nidanganye. Ile bega yako mi naijua."

Nikacheka, nikamweleza ni matambara tu. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Basi ni tambara gani ilinipungia mukono?"

Nikaenda kuwauliza wale sita. Mmoja akaniambia wameacha kuwahamisha tangu juma lililopita. Wanaamka wanakuta wamekwisha hamishwa. Akanionyesha wa mwisho, karibu na geti. Wote walitazama matete, huyo peke yake ametazama nyuma, kwenye kibanda changu. Nilimgeuza kwa mikono yangu. Sufi ilikuwa na joto, nikasema ni jua. Kesho yake alikuwa amenitazama tena.

Haya, hilo ukitaka liite la Rajabu. Linalofuata usiliite.

Jumanne baada ya adhuhuri aliingia kijana kibandani. Mpole, shati safi, viatu vina tope bichi la matete mpaka kifundoni, na mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Akasema anataka suruali. Nikachukua tepu, nikasimama.

"Apana pima, baba," akasema. "Nilitaka tu kukuona ukisimama."

"Kwa nini?"

"Tunawaangalia wiki tatu. Askari gani hawa, hata mumoja hakohoi. Tuliwaogopa sana. Wengine walisema ni wafu." Akatabasamu. "Sasa nitawaambia ni fundi tu."

Akaniaga kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri, akashika njia ya matete.

Niliwapelekea habari wale sita saa ileile. Wakasikiliza, wakatazamana. Yule kiongozi wao akasema, "Fundi, tumwambie nani? Karatasi ya kwetu inasema sote tumesharudi. Karatasi ya Wakubwa inasema sote tupo. Sisi sita hatumo popote." Akarudi kuchochea moto wa saba.

Nikapita nyumba kwa nyumba. Nikasema ule ukuta ni mimi, na wenye bunduki wanajua. Watu wakashika mbavu. "Leo Fundi Rajabu ameshona jeshi zima." Watu hao walirejea Kajaga kwa sababu mimi niliwaambia pako salama, dada. Nilipokuwa nasema uongo waliniamini. Aliyefunga mkeka wake ni Mama Feza peke yake, akanivuta na mimi mpaka kwa ndugu zake huku Kinanira mlimani. Ndiko ninakoandikia. Cherehani nimeiacha. Kila siku narudi kuwasihi watu, na kila nikipita chini ya tuta napita nimeinamisha kichwa, maana wale arobaini sasa wote wametazama barabarani.

Zuhura na watoto wasipande boti. Barua hii nampa nahodha wa boti hiyohiyo, atakukabidhi mkononi kabla hajageuza.

Nisalimie shemeji yangu mumeo, na mjomba wetu Ramadhani wa pale msikitini, aniombee dua, na watu wa Kajaga awaombee zaidi. Bi Mtumwa aliyetunyonyesha sote wawili mbusie mkono kwa niaba yangu.

Najua Zuhura atasema nimempata mwanamke mwingine ndiyo maana namzuia, au atasema ni hadithi zangu. Kwa hiyo nakupa kitu ambacho sijampa mtu. Siku nilipopata kovu la mguu ulikuwepo wewe tu, ukaniosha damu, nikakuapisha. Umeitunza siri tangu tuko watoto, na mke wangu alinikubali kwa kovu lile. Leo nakufungulia kiapo. Mwite, na wapwa zangu wawepo, uwaambie kwamba Kibirizi hapakuwa na mamba. Lililonichana ni bati la choo cha jirani, na nilikuwa nakimbizwa na bata.

Akisikia kwamba hilo nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe, atafungua mizigo.

Ni mimi mdogo wako,
Rajabu, wa bata