Mwiko wa Mwanaisha na Safari ya Lamu

Mwanaisha, shoga yangu,

Mungu akulaze pema. Nimelitanguliza hilo usije ukadai sikukuombea, maana yanayofuata ni ya hasira. Nimekukasirikia tangu siku ya mazishi, na arobaini imepita bado sijapoa.

Leo asubuhi kina mama watano wa hapa Mtopanga wamekuja kwangu na mwiko wako, ule mrefu wa kupikia pilau ya harusi. Wameufunga kwa leso mpya kama tunu. "Sasa ni weye," akanambia Bi Saumu. "Jumamosi namuoza mwanangu, na mtaa huu haupikiwi na mtu wa nje." Nikajibu, "Haya," kwa aibu tu. Wakanywa chai yangu, wakaenda zao, mwiko ukabaki umeegemea ukuta.

Unakumbuka tulivyoipanga Lamu? Maisha yetu yote tumekwenda huko kwa harusi au kwa matanga, tunaingilia mlango wa jikoni na kutokea huohuo. Bahari yenyewe tuliiona tukishuka mashuani na masufuria kichwani. Ni wewe uliyesema, "Safari hii twenda kukaa kitako. Tukiulizwa harusi ya nani, tuwambie hatuna harusi." Tukashona madera sare ya samawati.

Mara ya kwanza ikavunjwa na hitima ya jirani. Mara ya pili mabegi yako mlangoni, ukaitwa na watu usiowajua hata majina, wamekimbiwa na mpishi wao. Ukavua dera jipya ukavaa la moshi. "Rukia, watu watashinda na njaa." Si wangeshinda! Kwani wao hawana mikono? Mbona hukujifunza kukataa, Mwanaisha? Miguu ilikuwa imevimba, unaifunika kwa dera, nikikuuliza wasema umeumwa na mbu. Mbu!

Mazishini wote walikusifu kuwa ulikuwa huchoki. Nilitamani kuwafukuza. Ulikuwa ukichoka, ila wao hawakuuliza.

Lakini mimi nimnyooshee nani kidole? Mara ya tatu tiketi zilikuwa tayari, na harusi iliyoivunja safari ilikuwa ya binti yangu. Wakwe waliitanguliza kwa wiki mbili. Ningeweza kutafuta mpishi Kisauni nzima. Nikaja kwako. Nikasimama mlangoni nikakwambia, "Mwanaisha, ni mimi." Ukauchukua mwiko. Ulisimama motoni tangu alfajiri, biriani ikasifiwa mpaka Changamwe, na siku ya nne tukakuzika. Hasira yangu yote iko hapo, shoga. Hao wengine nawasingizia tu.

Adhuhuri nimechukua shoka, nikaupasua mwiko wako, nikautia mekoni nikachemshia chai. Uliwaka upesi kwa yale mafuta ya miaka, ua mzima ukanuka bizari. Nisamehe, au usinisamehe. Chai nimeinywa nimekaa, huku nalia, kisha nikampigia simu Bi Saumu nikamwambia sipiki. Ameniita mwenye kiburi. Nimekubali hilo jina.

Ijumaa nakwenda Lamu peke yangu, na dera langu la samawati.

Kwaheri, mwenzangu. Pumzika, maana hapa kwetu hatukukupa nafasi. Nami nakuahidi hivi: wenyeji wakiniuliza nimekuja harusi ya nani, nitawambia sina harusi, nimekuja kukaa kitako. Na nikishakaa sitainuka, hata aje mtu asimame mlangoni aniambie, "Rukia, ni mimi."

Shoga yako,
Rukia