Thurgar kwa Jina Jingine

Mpendwa mshauri, nina jambo ambalo nikilisema litamuumiza mtu anayekufa na nikilinyamazia litamdhulumu mtu aliye hai, na kwa kuwa sijui pa kuanzia naanza na baba yangu, ambaye ana miaka themanini na sita na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la nyasi kavu, amelazwa sebuleni kwenye shamba letu kule Suffolk, Uingereza, kwa sababu ngazi za kwenda chumbani zimemshinda, upande mmoja wa kitanda iko mashine ya hewa na upande wa pili yako maboksi yenye kazi ya maisha yake, yaani ukoo wetu. Jina letu si Thurgar lakini tuseme ni Thurgar.

Baba alianza kumtafuta Thurgar wa kwanza mama alipofariki, akajifundisha Kilatini cha makarani na mwandiko wao wa kale, akawa anashinda kwenye hifadhi ya nyaraka akisoma magombo ya ngozi ya baraza la kabaila aliyemiliki kijiji chetu zamani hizo, na humo ndimo alimowakuta watu wetu, kizazi baada ya kizazi, watu ambao hawakuacha kaburi wala picha, waliacha makosa yao tu: Thurgar ametozwa faini kwa kusaga nafaka nyumbani badala ya kwenye kinu cha kabaila, Thurgar ameacha mtaro wake ukazibwa na matope, mjane wa Thurgar amekufa na kabaila amechukua ng'ombe wake aliye bora kama ilivyo desturi. Sehemu anayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1349, mwaka wa tauni, ambapo karani hakuandika makosa, aliandika vifo, jina chini ya jina, na mbele ya kila jina maneno yaleyale, hakuna mrithi, hakuna mrithi, mpaka anafika kwa Adam Thurgar ambaye mwanawe alijitokeza akapokea shamba la babake, na baba huisoma kwa sauti kila anapokuja mgeni na kumalizia, "Hao wengine walikwisha. Sisi tukabaki."

Sasa Reuben. Kaka yangu Clement na mkewe hawakujaliwa mtoto, wakamchukua Reuben kwenye makao ya watoto Ipswich akiwa hajaanza kutembea, wakamuasili mahakamani, akakua na jina letu. Clement alikufa trekta lilipompindukia mtaroni, mkewe akahamia kwa dada yake, na tangu hapo shamba linaendeshwa na Reuben, nguruwe, shayiri na kila kitu, na tangu baba alipoanguka ndiye anayemuosha na kumgeuza asipate vidonda. Mimi naishi Norwich, nauza bima, na huwa naenda Jumapili.

Jumapili moja nilikaa kwenye kiti cha mama nikiwatazama, baba anasoma ile tauni yake na Reuben anamvua shati.

"Wote hawa walikufa," baba akamwambia. "Sisi tukabaki. Wewe hulijui hilo kwenye mifupa yako."

"Sawa, babu. Inua mkono wa kushoto, limelowa hili."

"Mkono wa Thurgar huu."

"Basi Thurgar anuke sabuni kidogo, mgeni amekuja."

Baba akacheka mpaka akakohoa, Reuben akamshika mgongo, na kikohozi kilipotulia baba akanigeukia mimi, kana kwamba aliyemshika hayupo, akasema wakili ameshakuja, wosia umekwisha, shamba na nyumba ni vyangu. Nikamuuliza, na Reuben?

"Shamba linafuata damu. Reuben ni kijana mzuri. Hata mbwa wangu wa kondoo alikuwa mzuri, sikumwandikia shamba."

Nikasubiri Reuben akasirike. Alikuwa anafunga vifungo vya shati safi. Akasema, "Lakini mbwa alikuwa analala ndani, babu. Mimi nalala kwenye karavani ya magurudumu nyuma ya nguruwe."

Baba akasema, "Mkorofi wewe," na wote wawili wakacheka, mimi nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji bila sababu.

Haya, baba anachapisha kitabu cha ukoo kabla hajafa, na kwenye jalada anataka picha ya maandishi ya mwaka 1541 yanayomtaja Richard, ambaye kwa maelezo ya baba alikuwa Thurgar wa kwanza kupata cheo, msimamizi wa kabaila, na sote tumetoka kwake. Akanituma nikaipige. Mhifadhi wa nyaraka, Bi Stannard, akanifungulia gombo, akaniuliza natafuta nini, nikamwambia, akainama akasoma, akasoma tena.

"Nani alikuambia huyu alikuwa msimamizi?"

"Baba. Si ameandikwa hapo, Bayly?" Maana kwa Kiingereza cha zamani neno hilo ndilo lilikuwa cheo chenyewe.

"Ndiyo, lakini karani huyu vyeo anaviandika kwa Kilatini. Msimamizi wa kweli yuko pale juu, *ballivus*, umemwona? Kwa Kiingereza anaandika majina ya watu tu. Bayly ni jina la huyu kijana, bwana. Baba yako amesoma jina akadhani ni kazi. Si wa kwanza."

Kisha akanisomea yote. John Thurgar yuko kitandani anakufa, wanawe wamemtangulia. Kwa desturi ya siku hizo anawaita majirani wawili, wanashika fimbo, na kwa fimbo hiyo anamrudishia kabaila shamba lake ili apewe yule anayemtaja mwenyewe, na anamtaja Richard Bayly, *alias* Thurgar, yaani kwa jina jingine Thurgar, mtoto wa marehemu Thomas Bayly mchunga kondoo, ambaye huyo John alimlea nyumbani kwake. Binamu wa damu akaja barazani kudai, jina lake halisomeki kwa sababu ngozi imeliwa na panya, majirani wakaapishwa, wakasema John alikuwa na akili timamu na alijua anampa nani. Binamu akaondoka mikono mitupu. Richard akapokea shamba, na Thurgar wote tangu siku hiyo ni watoto wa mchunga kondoo Bayly.

Nilimwambia binti yangu Harriet, ambaye ana mipango ya kuyageuza mabanda kuwa nyumba za watalii, akasema, "Baba, kwani kuna haraka gani? Hilo gombo limekaa miaka karibu mia tano. Babu hana hata miezi. Mwache afe Thurgar." Sasa baba ananiuliza kila Jumapili picha iko wapi, nami namwambia haikutoka vizuri, na Reuben anaendelea kumgeuza, na kila nikitaka kufungua mdomo namwona baba anavyohangaika na pumzi najiambia nitamuua kwa neno moja. Nimwambie? Au nimwache aende na anachokiamini, na Reuben nimtafutie namna nyingine baadaye? Nisaidie, silali.

Mwana wa Pili, Norwich

*

Mwana wa Pili,

Pole kwa baba yako. Mapafu ya namna hiyo huua polepole, na familia nzima hukosa pumzi pamoja na mgonjwa. Nimeandika habari za mahakama muda mrefu wa kutosha kujua kwamba watu walio karibu na kitanda cha anayekufa hawafikiri vizuri, kwa hiyo mengine nayasamehe. Si yote.

Nianze na unalotaka nikuambie. Umeniuliza kama umwambie mzee kwamba damu ilikatika mwaka 1541. Umeuliza hivyo ili mambo mawili yagongane, amani ya baba na haki ya Reuben, nawe usimame katikati mikono imefungwa. Lakini hayagongani. Soma wosia. Shamba linakuja kwako. Siku baba yako atakapofariki mwenye uamuzi utakuwa wewe, na sheria ya hapa Uingereza inampa mrithi miaka miwili baada ya kifo kuandika hati inayoelekeza urithi wake kwa mtu mwingine, kana kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyemtaja. Unauza bima, ndugu. Hati unazijua. Nashindwa kuamini kwamba hukuwahi kuisikia hii.

Hakuna neno lako litakalomuua baba yako na hakuna ukimya wako utakaomwokoa Reuben. "Namna nyingine baadaye" ni nini? Nimeitafuta kwenye barua yako sijaiona. Unayo aibu, na hiyo ni heri, wengine hawana. Ila aibu haimlipi mtu aliyefanya kazi, na bomba la jikoni halikusikika sebuleni.

La pili, acha kumtegemea Richard Bayly akusemee. Unalishika lile gombo kama mtu aliyepewa ruhusa. Sasa niambie: ingekuwa Bi Stannard amekusomea kwamba Richard alikuwa mtoto wa John wa kumzaa, damu safi kutoka tauni mpaka leo, Reuben angekuwa amestahili pungufu? Angekuwa amemuosha babu yake vibaya zaidi? Ukijibu hapana, basi gombo halina kazi katika jambo hili na ulilijua jibu kabla hujaenda kupiga picha. Na kama unapenda kujiona ndani ya maandishi yale, jitazame vizuri. Reuben yumo, ndiye aliyelelewa. Baba yako angeweza kuwemo, ndiye anayekufa na bado anaweza kumtaja amtakaye. Wewe nafasi yako ni ya binamu. Alikuwa na damu, alikuwa na hoja, na majirani waliokuwa wakiona nani anaishi ndani ya nyumba ile walimwangalia usoni wakamkatalia. Leo hakuna majirani watakaoapishwa. Itabidi ujikatalie mwenyewe.

Harriet anasema hakuna haraka. Kwa upande wa gombo yuko sahihi. Lakini anayesema hivyo ana mipango ya mabanda, na wewe umeninukulia maneno yake bila kumjibu. Mwambie wazi kwamba mabanda hayo yana mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Nenda kwa baba yako siku ya kazi, usingoje Jumapili, wakati bado anasikia na kuelewa. Mwambie sentensi moja, kwamba unataka Reuben apewe shamba, na kwamba unasema hivyo wewe unayepoteza. Usimpelekee Kilatini. Usigombane na mtu anayevuta hewa kwa mashine. Akikubali, mwite wakili palepale na mashahidi wasiokuwa na faida yoyote. Akikataa, na nadhani atakataa, mwambie umesikia, kisha umshike mkono. Amekataa, basi. Hulazimiki kumshinda.

Kuhusu picha, acha kumdanganya kwamba haikutoka. Akiuliza Richard alikuwa nani, mjibu ukweli kwa sauti ya chini na ukae naye baada ya hapo, kwa sababu mtu aliyejifundisha mwandiko ule wa kale peke yake anaweza kustahimili kusahihishwa kuliko unavyomdhania. Asipouliza, mwache. Kitabu kisichapwe na kosa hilo. Ukurasa wenye kosa husahihishwa, na kazi hiyo inaweza kusubiri mazishi.

Ya Reuben haiwezi kusubiri. Mwambie leo, kabla ya wakili, kabla ya Harriet, kwamba vyovyote wosia utakavyosema wewe utaiandika ile hati. Usimwambie "tutaona" wala "nitajitahidi". Hatakushukuru, pengine hatakuamini, maana ameshasikia mengi akifunga vifungo vya shati la mtu mwingine. Usimdai shukrani. Baada ya mazishi nenda kwa wakili, tia sahihi mbele yake, na umpe Reuben funguo za nyumba kubwa.

Na siku hiyo, kalamu ikiwa mkononi na hakuna tena mgonjwa wa kusingizia, uone kama vidole vitakuwa vizito. Hapo ndipo utakapojua barua hii uliiandika kwa ajili ya nani.