Sindano Iliyokwisha

Baba,

Zile spika zako kubwa zimeuzwa jana. Zilezile ulizoziita takataka, ukazifunika kwa shuka la maua la Mama na kusema hutaki kuziona tena. Mwanamume mmoja wa Kilimani alikuja dukani na mkewe saa tano asubuhi. Niliwachezea santuri upande mmoja tu, na kabla upande huo haujaisha mke alikuwa ameacha kuangalia simu, na mume anauliza kama tunaweza kuwapelekea siku hiyohiyo.

Spika sikuzigusa, Baba. Sikugusa amplifaya wala waya. Niligusa ile mashine ya santuri tu. Niliisawazisha kwa pimamaji, nikatia sindano mpya, nikapima uzito wa mkono unaobeba sindano kwa ile mizani yangu ndogo uliyopenda kuicheka. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Ni kwa sababu ya nusu saa hiyo nimeketi kukuandikia, na usitarajie barua ya kukubembeleza.

Najua ungesema nini. "Mami, hii kazi nimefanya kabla uzaliwe." Uliniita Mami kwa kuwa nina jina la mama yako, na nyumbani Kileleshwa jina hilo lilinipa heshima hata mbele ya kaka zangu. Dukani lilikufa mlangoni. Mteja akiingia nilikuwa msichana wa chai. Nilikuwa nimesoma vitabu vyote vya zile mashine, ulivyokuwa ukivitumia kuzuia mlango usijifunge, lakini kazi yangu ilikuwa kuuliza sukari vijiko vingapi.

Wewe ulijifunzia kazi kwenye baa za mjini. Sakafu ilitetemeka kwa miguu ya wachezaji, sindano ikaruka, na dawa yenu nyote ilikuwa moja: sarafu juu ya ule mkono, ili sindano ikandamizwe isiondoke. Kule ilifaa. Mlevi anataka wimbo usikatike, basi. Lakini uliibeba dawa hiyo hadi dukani kwetu, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye zulia na viti vya ngozi, ukaigundisha sarafu juu ya mashine ambayo mtu hununua mara moja maishani. Na chini ya sarafu kulikuwa na sindano moja, miaka tisa. "Hii ni almasi, na almasi haiishi," ulimwambia kila mteja. Inaisha, Baba. Inaisha, inabaki na makali, na ukiikandamiza inalima santuri kama jembe.

Watu walipanda ngazi kuja kusikiliza vyombo vya bei ya gari, wakasikia mchanga. Lakini Nairobi nani atakuambia? "Iko poa, mzee, wacha nifikirie." Walishuka na hawakurudi. Ukalaumu uchumi.

Halafu akaja yule mama wa Parklands. Alikuwa na santuri ya kwaya ya chuo, marehemu kaka yake akiimba peke yake ubeti wa pili. Alisema hana sauti nyingine ya kaka yake popote. Alitaka vyombo vitakavyomwimbisha kaka yake vizuri, hayo ndiyo maneno yake. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeiweka mizani yangu kando ya mashine, nikitumaini kwamba mbele ya mgeni ungeona haya ukaitumia. Uliichukua kwa vidole viwili, ukamwonyesha. "Huyu msichana wangu anataka kunifundisha kupima sukari." Yule mama akacheka kidogo, kwa adabu.

Nikaenda kuchemsha chai. Nilijua kitakachoipata santuri yake, Baba. Nilijua, na nikatwanga tangawizi.

Niliporudi na trei, yule kaka alikuwa anaimba ubeti wa pili na kila neno lake lilikuwa linakwaruzwa. Mama yule aliinua mkono. "Inatosha, asante." Aliirudisha santuri kwenye bahasha yake taratibu sana, akasema tutaongea, akaenda. Wewe ukasimama pale, ukaugeuza uso kwangu, ukaniuliza swali ulilokuwa hujaniuliza tangu nianze kazi kwako.

"Mami, wewe umesikia kama mkwaruzo?"

Miaka minne nilikuwa nimelisubiri swali hilo. Jibu lilikuwa mdomoni. Nikakuambia, "Hapana, Baba. Imelia vizuri sana."

Nisikufiche, ilikuwa tamu. Niliona unavyolishika sikio lako la kushoto, ukalivuta kama mtu anayetoa maji, na utamu ukazidi. Nilidhani nitauonja siku moja tu. Kesho yake uliweka santuri nyingine, ukaketi ukiniangalia mimi badala ya mashine. "Na sasa?" Safi, Baba. "Hata hapo kwa tarumbeta?" Hata hapo. Uliniamini. Hukuwahi kuniamini kwa jambo lolote la muziki, ukaniamini kwa hilo.

Kwa hiyo mkwaruzo ukawa wako. Ulikuwa kichwani mwako, si kwenye sindano. Nilikupeleka kwa gari langu hadi kwa daktari wa masikio. Daktari akasema masikio yako ni ya mtu wa umri wako na hayana ubaya wowote. Ukamshukuru. Kwenye gari ukasema, "Ananionea huruma." Nilipokuwashia redio ukaizima, ukasema redio ya gari si kipimo, masikio yakianza kwenda huanza na vitu vizuri. Halafu ukalia. Nilikuwa naendesha, macho mbele, nikasema pole Baba.

Sindano mpya nilikuwa nimeshainunua. Ilikaa kwenye mkoba wangu wiki kumi na moja, karibu na rangi ya mdomo. Kila Ijumaa nilisema nitamwambia Jumatatu. Sikio la kufa halisikii dawa, nilijiambia, yaani wewe na ubishi wako, kumbe dawa nilikuwa nimeikalia mimi. Kisha ukaacha kwaya ya kanisa. Miaka thelathini ya kuimba besi, ukaenda kwa mwalimu wa kwaya ukamwambia umeanza kusikia vibaya, hutaki kuwaharibia wenzako. Jumapili zilizofuata ulikaa kando ya Mama na kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani. Nilikuwa na nafasi hapo. Nilikuwa na nafasi kila Jumapili. Presha ikakuchukua Jumanne moja ukiwa unavaa viatu.

Tulipokuzika Limuru mwalimu wa kwaya alisimama kando ya kaburi akasema huo ndio unyenyekevu, mzee anayejua masikio yake yamechoka na kuwapisha wengine. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa amenishika mkono. Sasa wazee wa kanisa wanakutumia kama mfano kila wakitaka kumwondoa mtu kwenye kamati.

Ulinidharau, Baba. Hilo silifuti kwa sababu umekufa. Ungeniuliza mwaka mmoja mapema, ungekuwa na duka lililojaa watu. Lakini dharau yako ilininyima kiti tu. Mimi nilikunyang'anya kitu ulichokipenda kuliko hata sisi, na ukaondoka ukidhani ni Mungu amekichukua.

Yule mama wa Parklands nitampigia kesho. Santuri yake haitengenezeki, na sitamwambia vinginevyo. Jumapili wakati wa matangazo nitasimama niwaambie kanisa zima kwamba hukuwa mgonjwa wa masikio, na ni nani aliyekufanya uamini kwamba u mgonjwa. Mama atakuwa kiti cha mbele. Sijui kama atakubali kupanda gari langu kurudi nyumbani. Hiyo ndiyo ahadi yangu na nimeiandika ili nisiweze kuikana.

Lala, Baba. Jumapili ile ya mwisho ulipoimba nilikuwa nimeketi mstari wa pili, chini yako kabisa. Ulishika besi yako mpaka amina, na hukukosea hata noti moja.

Njeri