Ukuta Niliouamuru Ubomolewe

Ndugu yangu, kaa chini kwanza. Leo nimeanza kazi ya marehemu baba, usimamizi wa mafundi. Nipongeze.

Nimeshusha timazi, ile kamba yenye uzito wa kupimia wima, ukutani, nikatoa sauti nzito: "Umepinda! Nani kajenga uchafu huu? Bomoeni!"



Mzee anayekoroga zege akakohoa. "Bosi, uliujenga wewe ulipokuwa fundi mwenzetu, wiki ile ya msiba. Tulikwambia ukapumzike, ukatuona wajinga."

Mimi! Uchafu wangu mwenyewe, mbele ya mafundi tisa!

Wote wakanitazama waone kama sasa nitasema ukuta umenyooka ghafla. Ningeuacha, nani angenisikiliza kesho? Nikachukua nyundo, nikaanza kubomoa.

Mzee akavua koti, akaja. "Sogea, bosi. Hata kubomoa unabomoa kombo."

Nimecheka. Mara ya kwanza tangu tumzike baba.