Kuni za Msiba Usiokuwepo

Jumapili

Kwani mwanamke akiendesha baiskeli bila mzigo ni lazima awe amefiwa? Leo nimetoka Mukuju kwa mazoezi tu, vilima vyote bila kushuka baiskelini, hadi kwa mama yangu huko Dabani. Walioniona njiani nikienda mbio hivyo wakaamini mama, kwa vile anaumwa, amefariki. Hata maji sijamaliza kunywa, majirani hao wanaingia na kuni za matanga, wanalia!

Mama akatoka mwenyewe, ameshika ukuta. "Nyie, mimi niko hapa. Lakini hizo kuni wacheni."

Wakacheka, wakaziacha. Upuuzi mtupu! Nilitaka kuzitupa barabarani. Halafu nikasema basi, nizipikie chai ziishe.

Mama amekataa. Anasema zikae.