Haisi ya Vitanda Vitatu

Jumatatu, 18 Novemba

Maji safari mbili. Nimefagia uwanja. Nimemchambulia Bibi maharage kwa sababu macho yake hayaoni tena vijiwe.

Baba hajalala ndani siku ya nne sasa. Analala kwenye Haisi yake, hapo hapo uani. Anasema anaizoea. Anachemsha chai humo kwa mtungi mdogo wa gesi, mlango wazi, anakunywa akitutazama kama mgeni.

Kazi yake ya kuendesha watalii imekwisha tangu Juni. Hatafuti nyingine. Anasema huko porini ameona watu ambao nyumba yao ni gari. Hawana ua, hawana vikao vya ukoo, wanaamka popote. Nasi tutaishi hivyo. Si likizo. Moja kwa moja.

Mzee Marwa, jirani yetu, alisimama njiani jioni. "Mura, mwanamume mzima unalala kwenye gari kama kuku wa mnadani?"

Baba akamjibu, "Kuku wa mnadani amefika mbali kuliko wewe."

Walicheka wote wawili. Nilijivunia Baba.

Jumatano, 20 Novemba

Baba amenionyesha mchoro. Vitanda vitatu. Cha Bibi karibu na mlango, chake nyuma, changu juu karibu na paa, na meza ya kukunja ya kusomea. Mtihani wa kidato cha pili nimeshamaliza. Januari nitahamia shule ya Mugumu. Siku za masomo gari litaegeshwa karibu na shule, likizo tutatembea.

Nimeuliza swali moja tu. Kwetu Wakurya mama halali chumba kimoja na mwanawe mtu mzima. Hata kitanda cha mwanawe hakitazami. Itakuwaje kwa Bibi na Baba?

Baba akasema pazia litatosha, na mimi ndiye nitakayelishona.

Niliona ni jibu zuri.

Ijumaa, 22 Novemba

Baba ameuza nyumba.

Nyumba na shamba la nyuma. Aliyenunua ni mtu wa Kewanja, anahamia Januari. Baba ameniambia mimi peke yangu, tukirudi kutoka kwa fundi wa kuchomelea Nyamwaga. Nisimwambie Bibi. Akijua hatapanda gari. Ataita wazee wa ukoo na kila kitu kitakwama. Niseme tunakwenda kutembea, Krismasi tutarudi.

"Wewe ndiye mtu wangu, Bhoke," alisema. "Mama yangu anakuamini kuliko mimi."

Nilikubali. Sikufikiri hata kidogo. Nilipenda kuitwa mtu wake.

Jumapili, 24 Novemba

Baada ya kanisa nimeshona pazia. Kitenge cha marehemu Mama, cha bluu.

Bibi alikuwa hataki safari. Nimemshawishi mimi. Nilijua pa kumshika. Shangazi Ghati ameolewa Mugumu miaka ishirini, na Bibi hajawahi kukaa kwake zaidi ya mchana mmoja, kwa sababu mama mkwe halali katika mji wa mkwe wake, yaani ndani ya boma lake. Nikamwambia sasa atalala kwenye gari, nje ya ua. Atamwona binti yake asubuhi na jioni na hakuna mwiko utakaovunjwa.

Alikipapasa kile kitenge kwa vidole. Kisha akauliza kama Krismasi tutakuwa tumerudi.

Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 28 Novemba

Haisi imerudi kutoka kwa fundi. Vitanda ni viwili. Baba anasema fundi hakuwa na mabomba ya kutosha, cha tatu kitamaliziwa Mugumu. Nimepima kwa mkono nafasi iliyobaki. Pamekaa jiko na dumu la maji. Sioni kitanda kingeingia wapi.

Labda sijui kupima.

Jumamosi, 30 Novemba

Tumeondoka kwetu Matongo.

Bibi alifunga mlango mwenyewe, akafunga ufunguo kwenye pindo la khanga. Kuku wake saba amempa mke wa Mzee Marwa amtunzie mpaka Krismasi. Akamweleza yupi hutaga wapi. Yule mwekundu anataka kufungiwa mapema. Mama Marwa alikuwa anaitikia tu, na mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Nilijichukia. Kisha gari likaanza, tukavuka daraja la Mto Mara, Baba akafungua madirisha yote, na nikasahau. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 2 Desemba

Mugumu. Gari liko nje ya ua wa Shangazi, upande wa barabara. Bibi na mimi tunalala ndani, Baba kwenye hema.

Sijawahi kumwona Bibi hivi. Shangazi huja na uji alfajiri, wanakaa mlangoni mwa gari wanaongea Kikurya kwa haraka kuliko ninavyoweza kufuata. Mume wa Shangazi anamheshimu mama mkwe wake mno, hivyo hapiti barabarani. Anazunguka kwenye mahindi.

"Mume wangu amekuwa swala," Shangazi alisema. "Siku mbili namwona masikio tu."

Bibi alicheka mpaka akafuta macho.

Nimefikiri: labda tutakaa hivi hivi. Labda nyumba haitakumbukwa.

Alhamisi, 5 Desemba

Baba amepeleka gari kwa fundi, kitanda cha tatu. Alishusha mfuko wangu na furushi la Bibi, magodoro yetu pia, ili fundi apate nafasi. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Bibi amekaa kwenye kigoda kando ya barabara siku nzima. Saa kumi na mbili Baba hajarudi. Shangazi amemsihi aingie uani walau kwenye jiko. Amekataa. Ataingiaje kulala kwa mkwe? Mjane wa ng'ambo ya barabara, Mama Nyangi, ndiye aliyempa mkeka na kona ya chumba.

Simu ya Baba haipatikani.

Jumamosi, 7 Desemba

Amepiga. Simu ya Shangazi, nikapewa mimi.

Alisema, "Mama hawezi kulala gari moja na mimi, Bhoke. Unajua mwenyewe mila zetu. Na wewe una shule. Kwa Shangazi patawafaa."

Nikauliza kuhusu pazia.

"Pazia si ukuta."

Nikauliza kitanda cha tatu kiko wapi. Akasema gari ni dogo.

Gari lilikuwa dogo hata tarehe ishirini. Mila zilikuwa hizi hizi. Alinipa mchoro ili nimpandishe Bibi garini, na Bibi akapanda. Swali langu mwenyewe amelifanya kuwa jibu lake.

Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumapili, 8 Desemba

Mume wa Shangazi amerudi kutoka Nata. Ameiona Haisi kwenye kituo cha mafuta. Baba hakumwona yeye. Baba alikuwa anamweleza mtu anayejaza mafuta kwamba anaishi humo peke yake, hana mtu wa kumngoja. Mume wa Shangazi alitusimulia akiwa ndani ya ua, sisi nje, Bibi amegeukia upande mwingine kama inavyopaswa. Alisikia yote.

Bibi akasimama. Akasema, "Basi kesho turudi nyumbani kwetu." Akaanza kufunga furushi.

Kwetu hakupo. Mimi tu ndiye ninayejua.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimemwambia. Asubuhi, kwa Mama Nyangi, tukiwa wawili. Nimesema nyumba imeuzwa, shamba pia, na kwamba nilijua.

Aliuliza, "Ulijua kabla sijagawa kuku?"

"Kabla, Bibi."

Alifungua pindo la khanga, akautoa ufunguo, akaniwekea mkononi. Sijui niupeleke wapi.

Jumatano, 11 Desemba

Hasemi nami. Na wengine anaongea vizuri. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, kwa sababu hawezi kuacha salamu, halafu basi. Uji wangu hanywi. Wa Mama Nyangi anakunywa.

Ninataka kumlaumu Baba kwa hili pia. Ninaweza kwa nusu tu. Baba alinidanganya mimi, lakini maneno aliyoyasikia Bibi yalitoka kinywani mwangu, kwa sauti yangu nzuri ya kusomea shuleni.

Jumapili, 15 Desemba

Mambo mawili.

Mume wa Shangazi amempa Bibi kipande cha ardhi ng'ambo ya barabara, nje kabisa ya mji wake. Ujumbe umepitia kwa Shangazi. Mlango utatazama upande wa pili, ili wasionane. Vijana wa ukoo wameshaanza kusimika nguzo. Bibi amekubali kwa neno moja.

La pili, Baba amepiga tena. Jumamosi atapita hapa saa nne kwenda Tarime. Kitanda kimoja kipo. Nikitaka, nisimame barabarani na mfuko wangu, tutembee mpaka shule zifunguliwe. Mimi tu.

Natamani kwenda. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu. Bado natamani, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote aliyofanya.

Ijumaa, 20 Desemba

Fito zimekwisha. Paa limeezekwa. Kesho ni kukandika.

Nimefunga mfuko. Nimefungua. Nimefunga tena.

Jumamosi, 21 Desemba

Nilichota maji na kukanyaga tope tangu saa moja. Shangazi na Mama Nyangi walikandika ukuta wa mbele, Bibi na mimi wa nyuma. Yeye juu, mimi chini. Hatukuongea.

Saa nne na kitu Haisi ilisimama barabarani. Injini haikuzimwa. Honi mara mbili. Shangazi alinitazama, Mama Nyangi pia. Bibi aliendelea na ukuta. Mikono yangu ilikuwa ndani ya tope mpaka kwenye viwiko. Sikuitoa.

Honi mara ya tatu. Baba hakushuka. Nilisikia gia ikiingia, kisha gari likaondoka kuelekea Tarime.

Nilibandika tope langu, likateleza. Nikabandika tena, likateleza.

"Tope lako jepesi," Bibi akasema. "Ongeza nyasi."

Nikaongeza.